Sauti ya Mzee wa Kuku

Chanzo cha yote kilikuwa lori. Lilipita barabarani siku ya kwanza kabisa ya kurekodi, likaacha mngurumo wake katikati ya sentensi ya Mbishi, na pale studio hakuna aliyeusikia mpaka sehemu ya kwanza ya katuni ilipofika kwa wenyewe, yaani wenye katuni walioagiza iingizwe sauti za Kiswahili. Wenyewe wakairudisha. Sentensi moja tu, wakasema, rudieni mtuletee.

Dogo alipopata habari alifurahi kupita kiasi, hata akajionea haya. Sentensi moja ilimaanisha Mbishi angekuja studio Alhamisi, siku mbili kabla ya pambano lake la mkanda wa ubingwa, naye alikuwa hajamtia machoni wiki nzima. Mabondia wanaokaribia pambano hawapendi kuonekana. Wanapunguza uzito, wanapunguza maneno, na wakipendwa na mtu, huyo naye anapunguziwa.

Dogo mwenyewe hakuwa mdogo. Alikuwa mwanamke mzima, mwenye kodi yake na mvi zake mbili tatu alizozificha chini ya kitambaa. Jina hilo alipewa na Mbishi, kwa sababu kwenye katuni yeye ndiye aliyeingiza sauti ya mvulana. Ilikuwa katuni ya Kijapani, ya ndondi. Mvulana mwoga anayebeba barafu sokoni anaingia kwenye ukumbi wa mazoezi kukimbia mvua, na humo anamkuta mzee mmoja anayefuga kuku chini ya ulingo. Sehemu za mwanzo hazina hata pambano moja. Mvulana anafagia, anadonolewa na kuku, anapigwa makofi ya ubavuni na yule mzee, na polepole anajifunza kutokimbia. Dogo ndiye pia aliyeyatafsiri maneno, akiyapima yalingane na midomo ya watu wa kwenye kioo, wafunge vinywa pale msemaji wa Kiswahili anapofunga chake.

Mbishi aliletwa kufundisha pumzi. Studio haikutaka kelele za kuigiza, ilitaka bondia wa kweli awaonyeshe mtu akipigwa anatoa sauti gani.

"Ngumi ya tumbo haina kelele," alimwambia Dogo siku ile. "Hewa inatoka tu. Kama mtu aliyekumbuka jambo baya."

Akaweka kiganja mbele ya mdomo wa Dogo, bila kumgusa, aipime pumzi inavyotoka. Dogo akajaribu. Akajaribu tena, ingawa mara ya kwanza alikuwa ameshapatia. Macho yao yakakutana juu ya kile kiganja na hayakuwa na haraka ya kuachana. Nyuma ya dirisha la kioo, Fundi wa sauti akakohoa.

"Dada, hiyo maiki ni kali. Moyo wako unaingia humu."

Basi ikaanza hivyo. Na aliyepangiwa sauti ya Mzee wa Kuku alipokosana na tajiri wa studio, Fundi akamsukuma Mbishi mbele ya maiki kwa utani, na kumbe mtu alikuwa na sauti nzito lakini nyepesi kucheka, inayokimbia kama maji ya bomba. Akapewa kazi palepale. Ndio maana Alhamisi hii alikuja kuirudia sentensi yake.

Aliingia akiwa amekonda, mashavu yamezama, taulo shingoni. Dogo akatamani kumshika uso akajizuia, kwa kuwa Fundi alikuwa anatazama. Kiyoyozi kikazimwa, maana nacho hunguruma. Chumba kile chenye magodoro ukutani kikaanza kuwachemsha.

"Sentensi ileile, kaka," Fundi alisema kwenye spika. "Ukimaliza unaenda zako."

Kwenye kioo Mzee wa Kuku akamwinamia mvulana aliyelowa mvua, akafungua mdomo. Mbishi akasema:

"Hapa hatufundishi watu kupiga, kijana. Hapa tunafundisha watu kusimama wakishapigwa."

Ndivyo ilivyoandikwa. Lakini iliyotoka haikuwa hiyo. "Hatufundishi" ilipoteza kipande katikati, "wakishapigwa" ikaburuzika, na mzee wa kwenye kioo alikuwa ameshafunga mdomo na kumgeukia kuku wake wakati Mbishi bado anaongea.

"Tena," Fundi akasema.

Akarudia. Ikawa vilevile. Akanywa tone la maji, akasugua taya, akacheka. "Koo limekauka. Napunguza uzito, si mnajua." Akarudia tena, safari hii kwa hasira, na ikawa mbaya zaidi.

Dogo, kwa mazoea, alishachukua penseli. "Tutoe 'watu'. Aseme tu 'hatufundishi kupiga'. Na hiyo 'wakishapigwa'..."

"Haitoki, dada. Wenyewe wameshaipitisha, inabaki kama ilivyo. Ngoja nimsikilizishe ya zamani aushike mwendo."

Fundi akabonyeza. Sauti ya siku ya kwanza ikajaa chumbani pamoja na lori lake. Ilikuwa safi, imechangamka, kila neno limesimama mahali pake na kucheka na jirani yake. Bila kukusudia Fundi akaiacha mashine iendelee, ikafuata ile iliyorekodiwa sasa hivi. Mtu asiyejua angesema ni watu wawili.

Fundi akavua hedifoni, akaziweka mezani taratibu.

"Kaka, mimi nimekuwa nakuvuta," alisema. "Tangu sehemu ya tatu. Nakuvuta kwenye mashine ili sauti yako iwahi midomo. Nilidhani ni uchovu. Sikutaka uonekane hujui kazi."

Dogo akatazama karatasi zake. Hakuhitaji kuzifungua. Sehemu ya tatu alimwondolea Mzee wa Kuku maneno marefu. Ya nne akamkatia sentensi nusu. Ya tano alimwachia "Simama" na "Tena" na kuguna, na akajisifu kwamba sasa mzee amekuwa mkali kweli kweli. Alimpunguzia kwa sababu anampenda, akidhani ni ugeni wa kazi tu. Fundi naye akamvuta kwa sababu anampenda. Kati yao wawili, walikuwa wameufunika ugonjwa wa mtu vizuri sana.

Mbishi akachukua taulo lake akatoka. Dogo akamkimbilia, akamkuta ngazini, ameegemea ukuta.

"Dogo, usianze."

"Tangu lini?"

"Ni koo."

"Mimi nakula kwa kusikiliza sauti za watu. Usiniambie koo. Tangu lini?"

Akapangusa uso kwa taulo. Kisha, bila kumtazama: "Asubuhi ulimi unaamka baada yangu. Mchana unachangamka. Ulikuwa unachangamka."

"Na mkono huo kwa nini uko mfukoni?"

"Mkono wangu, mfuko wangu."

"Utoe."

Akautoa. Ulikuwa mkono wa kushoto, na vidole viwili vilicheza vyenyewe, kidogo tu. Dogo akavishika vyote kwa mikono yake miwili avitulize, na havikutulia.

"Daktari wa pambano amekupima?"

"Kaniuliza jina langu, nikataja. Kaniambia nifuate kidole, nikafuata. Kasema niko fiti."

"Hajawahi kukusikia zamani! Atajuaje kilichopungua?"

"Ndiyo. Hajui. Na hatajua." Akamgeukia sasa, na yale macho yaliyomteka siku ya pumzi yakamwomba. "Jumamosi moja, mpenzi. Moja tu. Nimeusubiri mkanda huu tangu sina hata glavu zangu. Nikishauvaa naacha. Nakuoa. Nitafuga kuku kama yule mzee."

"Ukishauvaa utaweza kuniita jina langu?"

"Nimekupa jina fupi," alisema, akajaribu kucheka.

Dogo hakucheka. Alilia pale ngazini bila kujificha, na Mbishi akamkumbatia mpaka jasho la mmoja likawa la mwingine. Halafu akamwambia kwenye nywele: "Niapie. Daktari asijue. Kocha asijue. Ukiwaambia, mimi na wewe basi, na silisemi kwa hasira."

Akaapa. Mwanamke anayependa akiwa amekumbatiwa huapa lolote.

Mbishi akambusu paji la uso, akashuka. Chini akageuka, akamwita, "Dogo," na hata hilo jina fupi lilichelewa kidogo.

Ijumaa alasiri Dogo alikuwa amesimama mlangoni kwa mtu aliyekuwa na chuki naye kuliko wote duniani, yaani mama yake Mbishi. Kiapo kilimtaja daktari na kilimtaja kocha. Mama hakutajwa, kwa sababu hakuna ambaye angefikiri Dogo angethubutu kwenda huko.

Mama alikuwa mshona mapazia. Chumba chake cha mbele kilijaa vitambaa vizito vilivyoning'inia kutoka juu hadi chini, na katikati yake cherehani na mwenyewe, pini zimebanwa midomoni. Mbele yake ilikuwa bukta nyekundu ya ulingoni. Kila mara kabla ya pambano mkoba wa mwanawe ulilala hapo, na mama aliishona bukta upya kiunoni kwa mkono wake. Mbishi hakuwahi kupanda ulingoni bila huo mshono.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Pini zikatoka mdomoni moja moja. "Hayupo. Anakuja baadaye kuijaribu bukta."

"Nimekuja kwako."

"Kwangu umefuata nini? Chupa?"

"Chupa gani, Mama?"

"Binti, usinifanye mtoto. Mwanangu nilimlea mwenyewe, hajawahi kugusa pombe. Mmeanza hayo mambo yenu ya katuni, basi kila akinipigia simu ulimi unaburuzika. Maneno yanaangukiana. Baba yake alitoka mlango huo akiongea hivyohivyo na hakurudi. Sauti ya mlevi naijua hata nikiwa usingizini. Halafu unakuja hapa na kitambaa chako kichwani unaniamkia."

Dogo akabaki ameduwaa. Siku zote alidhani anachukiwa kwa ajili ya kazi yake, au umri wake, au kwa vile alichelewa kuja kujitambulisha. Kumbe ndiyo hiyo.

Angeweza kunyamaza. Mama angeendelea kumchukia, Mbishi angeendelea kumpenda, na Jumamosi ingefika. Akapiga moyo konde, akatoa simu mkobani, ambamo alikuwa ameziweka zile sauti za studio.

"Sikiliza hii, Mama. Hii ni siku ya kwanza."

*Hapa hatufundishi watu kupiga, kijana. Hapa tunafundisha watu kusimama wakishapigwa.*

Mguu wa Mama ukaacha kukanyaga cherehani. Uso wake ukalegea, hata tabasamu likampitia. "Huyo ndiye mwanangu," alisema. "Huyo hasa."

"Na hii ni jana."

Ilipokwisha, tabasamu halikuwepo. "Hapo amelewa."

"Ilikuwa asubuhi, Mama, na mimi nilikuwepo. Hajaonja kitu. Wiki hii hata maji anayanywa kwa tone."

"Basi ni nini?"

Dogo akagusa kichwa chake mwenyewe, pembeni, pale ngumi zinapotua. Mama akautazama ule mkono. Akaitazama bukta aliyokuwa anaishona.

"Lakini alikubali," alisema polepole. "Nilimtukana, nikamwita mlevi kama baba yake. Akaniambia, 'Nisamehe Mama. Ni yule mwanamke, tutaacha.' Aliniambia hivyo kwa mdomo wake."

Hapo ndipo Dogo alipoumia kweli. Ngumi ya tumbo haina kelele, alifundishwa, na sasa aliijua bila mwalimu. Mbishi alimwacha achukiwe. Alimtoa kafara kwa mama yake ili apate kufika Jumamosi, na jioni hizohizo akaja kwake kumwambia nakupenda. Na la kuuma zaidi, alikuwa anasema kweli.

"Mama, nimefi..."

Mbishi alikuwa mlangoni, kati ya mapazia mawili. Aliona simu mkononi mwa Dogo. Hakuuliza.

"Uliniapia."

"Nilikuapia daktari na kocha."

"Umecheza na maneno."

"Na wewe umenicheza mimi! Mlevi? Mimi nimekufundisha pombe?"

Akainamisha macho. Mara ya kwanza Dogo kumwona akiyainamisha. "Ilikuwa... ilikuwa kwa muda tu. Ningekuja kumwambia ukweli baada ya mkanda."

"Nyamazeni," Mama akasema. Akaitoa bukta kwenye cherehani, akasimama nayo. "Mwanangu, njoo hapa. Bukta hii hapa. Mkoba wako ule pale. Iseme ile sentensi."

"Mama, nipe."

"Iseme kama ulivyoisema siku ya kwanza. Ukiisema, nakupa, na kesho nakupeleka ulingoni mimi mwenyewe na huyu mwenzio ananibebea maji. Iseme, baba."

Mtu mzima yule, aliyesimama mbele ya watu wenye vifua kama milango bila kupepesa, alimeza mate. Akavuta pumzi kama alivyowafundisha wengine.

"Hapa hatu... hatufundishi watu kupiga, kijana."

Ilitoka. Nzito, lakini ilitoka. Macho ya Mama yakawaka, maskini, kwani naye alitaka aweze.

"Hapa tunafu..."

Akasimama. Akaanza upya. "Hapa tunafu... tunafunisha..." Mshipa ulimtoka shingoni. Midomo ya Dogo ilikuwa ikienda pamoja na yake, ikitaka kumalizia, ikitaka kumkatia neno, kumpunguzia, kumvuta. Akaiuma mpaka ikauma kweli.

"Tunafu..."

Akanyamaza.

Mama akaikunja bukta, akaiweka kabatini, akafunga, ufunguo akautia kifuani. Mbishi angeweza kulivunja kabati lile kwa ngumi moja. Hakulivunja. Alikaa chini sakafuni penye vipande vya mapazia, na mama yake akapiga magoti, akakishika kichwa cha mwanawe kwa mikono miwili, kwa uangalifu, kama mtu aliyeletewa yai.

"Nilikutukana," alikuwa akisema. "Mwanangu, nilikutukana."

Dogo akasogea hatua moja.

"Toka," Mbishi alimwambia.

Na hilo alilisema wazi, kila herufi mahali pake.

Jumamosi akapigana mtu mwingine. Jumapili Mama alimpeleka Mbishi kwa madaktari wa kichwa, si wa ulingo. Fundi ndiye aliyeleta habari, maana yeye bado aliruhusiwa kwenda kumwona. Wamesema asipigwe tena maisha yake yote. Kilichokwenda huenda kisirudi, lakini akiacha sasa huenda kisiendelee. Mama amenyamaza, anashona. Kuhusu Dogo hakuna aliyetaja neno.

Dogo akaenda kazini, kwa sababu asingeenda kazini angekwenda wapi. Sehemu ya sita ilikuwa kwenye kioo mbele yake. Mzee wa Kuku amekaa ukingoni mwa ulingo, kuku mapajani, anamweleza mvulana kwa nini yeye mwenyewe aliacha ndondi. Anaongea sana. Kwa mara ya kwanza tangu sehemu ya tatu, Dogo aliyaandika maneno yote, marefu kama yalivyo, hakupunguza hata moja.

Fundi akasoma juu ya bega lake. "Dada, haya atayasema nani?"

"Acha nafasi yake wazi."

"Wenyewe wanataka kazi yao."

"Wangoje."

Simu ikalia palepale mezani. Dogo akalitazama jina kwenye kioo cha simu. Fundi akaliona pia. Akainuka, akazima mashine, kwa adabu akazima na taa ya kurekodia.

"Do...go," sauti ikasema.

"Nipo."

Pumzi. Alimsikia akilitafuta neno, akalijua neno lenyewe kabla halijafika, na angeweza kumpa. Mkono wake wa penseli ulikuwa umeshanyanyuka wenyewe. Akauweka chini.

"Usini... usinimalizie."

"Sikumalizii."

"Sija... sijakusamehe."

Machozi yakamshuka Dogo mpaka kwenye karatasi. "Na mimi sijakusamehe," alisema. "Uliniacha nichukiwe."

"Najua." Pumzi tena, ndefu. "Mama ana... anauliza uta... utakuja li..."

Kwenye kioo Mzee wa Kuku alikuwa amesimamishwa katikati ya neno, mdomo wazi. Dogo akaibana simu sikioni kwa mikono miwili, akangoja, na hakusema kitu mpaka Mbishi alipomaliza.